Saa za Kuruka: Rubani wa Lubumbashi Aandike Nini Kitabuni

Leseni ya juu kabisa ya rubani wa ndege za abiria hudai saa 1,500 za kuruka, na kijana anayezikusanya moja moja katika uwanja wa ndege wa Luano hushawishika kuandika, katika kitabu chake cha saa za kuruka, kila dakika aliyokaa ndani ya ndege. Asifanye hivyo kabla ya kujua maana yenyewe. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, husema kwamba muda wa kuruka huanza ndege inaposogea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kupaa, na huisha inaposimama kabisa mwishoni mwa safari. Kwa hiyo dakika kumi za kungoja ruhusa karibu na barabara ya kurukia, baada ya ndege kutoka kwenye maegesho, zinahesabika. Kuipeleka ndege karakana hakuhesabiki, hata injini ikinguruma nusu saa. Kwa helikopta, hesabu huanza mapanga yanapoanza kuzunguka na hukoma yanaposimama.

Nyakati ziandikwe kwa saa ya kimataifa, UTC. Lubumbashi iko mbele yake kwa saa mbili na Kinshasa kwa saa moja. Aliyeondoka hapa 08:00 na kusimama Ndjili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, 09:25, kwa saa za miji hiyo, ameruka saa 2 na dakika 25, si saa 1 na dakika 25.

Jambo linalozua ubishi mwingi zaidi ni saa za anayekaa kiti cha mbele cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, katika Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Ndege hiyo imeidhinishwa kuendeshwa na rubani mmoja. Ikiwa sheria ya nchi inalazimisha awepo rubani msaidizi, kanuni ya kimataifa humruhusu msaidizi huyo kuhesabiwa si zaidi ya asilimia 50 ya saa hizo anapoomba leseni ya juu, ingawa nchi inaweza kumkubalia zote endapo ndege ina vifaa vya rubani msaidizi na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Ikiwa hakuna sheria wala cheti cha ndege kinachomhitaji, basi huyo ni abiria aliyekaa mbele. Nasema hivi kwa uchungu, kwa maana nimeona vijana wenye bidii wakikatiwa mamia ya saa siku ya kuomba leseni. Kabla ya kukubali kazi, iulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa barua, nawe uitunze barua ya majibu.

Saa za kufundishwa na za kuruka peke yako huhesabiwa zote, lakini ziwe katika safu tofauti, na zile za mafunzo zitiwe saini na mkufunzi. Za simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga kuruka, nazo zina safu yake, na katika zile 1,500 hazizidi 100.

Jaza kitabu jioni ileile, ukilinganisha kila mstari na daftari la safari za ndege yenyewe, kwa sababu mkaguzi huanza kwa kuviweka viwili hivyo kando kwa kando.