Bufee ya Kiasia ya Jumapili hotelini Tanga: bei nafuu bila hasara

Piga hesabu kabla hujawasha jiko. Ukitoza shilingi 30,000 kwa kichwa na hoteli imesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), gawa kwa 1.18 kutoa ile asilimia 18 iliyomo ndani ya bei, na mkononi inabaki kama 25,400. Theluthi yake, 8,500 hivi, ndiyo ya chakula. Inayobaki ni ya mishahara, gesi na umeme. Kwa wageni 60 una takriban 510,000 za sokoni. Hazitoshi kwa vyakula 25. Pika 12: supu, saladi mbili, wali wa namna mbili, tambi, vitoweo vinne, sago ya tui na matunda. Meza ya vyakula 12 vya moto humpendeza mgeni kuliko ya 25 vilivyopoa.

Chagua vyakula ambavyo viungo vyake vingi tayari viko Tanga. Supu ya nazi ya Kithai ni tui, mchaichai, khulinjani (mzizi wa jamii ya tangawizi), pilipili na ndimu. Sosi ya satay, mishikaki midogo ya Indonesia, ni karanga, tui na ukwaju. Kabichi, karoti na koliflawa hushuka kutoka Lushoto, machungwa Muheza. Soya sosi, mafuta ya ufuta na siki ya mchele ndivyo vya kununua dukani. Divai ya kupikia ya Kichina na mirin ya Kijapani (divai tamu ya mchele) zina kilevi, na wageni wengi hapa ni Waislamu, kwa hiyo ziache kabisa. Badala ya mirin, koroga kijiko cha chai cha sukari ndani ya kijiko kikubwa cha siki ya mchele. Soma na kibandiko cha soya sosi, maana zipo zilizotiwa kilevi.

Sushi, wali wa siki wa Kijapani unaoviringishwa, ifunge kwa kamba waliochemshwa, tango na parachichi. Hata samaki aliyeshushwa alfajiri Deep Sea, soko la samaki la Tanga, anaweza kuwa na minyoo, na kuiua kunataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza nyingi za jikoni hazifiki hapo. Jodari mnunue akiwa ndani ya barafu tu. Akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru mlaji, na moto wa jiko hauiondoi: mgeni atawashwa na uso kumwiva mwekundu.

Wali wa kukaanga ndio unaoharibika kwa wengi. Chemsha mchele kilo 2 Jumamosi jioni, kikombe kimoja kwa maji kikombe kimoja na robo. Utandaze kwenye trei, kina kisizidi sentimita 4, upoe haraka, kisha uingie friji ndani ya saa mbili. Ukiuacha sufuriani usiku kucha, vijidudu vilivyostahimili kuchemshwa huzaliana na kuacha sumu ambayo kukaanga hakuiondoi. Asubuhi uchambue kwa mkono hadi punje ziachane. Karai litoe moshi mwembamba, kaanga mayai uyatoe, tia kitunguu saumu na tangawizi, karoti, halafu wali kilo moja na nusu tu kwa mara moja. Soya sosi imwage ukingoni mwa karai, si juu ya wali, ipate kuungua kidogo na kunukia. Rudisha mayai, malizia na majani ya kitunguu. Ukijaza kilo 5, karai hupoa, wali hutoa maji, na unachopakua ni bokoboko.

Tambi zitoe dakika moja kabla ya muda wa pakiti, suuza kwa maji baridi, paka mafuta. Changanya na mchuzi nusu trei kwa nusu trei, kwa sababu zikikaa hunyonya mchuzi wote na kushikana.

Kwa satay, mapaja ya kuku yasiyo na mfupa kilo 5 hutoa vijiti 120. Yalaze usiku kucha na mchaichai uliopondwa, manjano, giligilani, sukari na chumvi, uchome kwa mkaa. Sosi: karanga zilizosagwa kilo moja, tui zito lita moja, ukwaju na pilipili, moto mdogo huku unakoroga, la sivyo tui linakatika.

Vyombo vya mezani vyenye maji ya moto chini havipashi chakula, hutunza joto tu. Maji yachemke kwanza, chakula kiingie kikiwa moto na kisishuke nyuzi 60. Tumia trei ndogo, badilisha trei nzima kila dakika 20 au 30. Usimwage kipya juu ya kilichobaki. Kwenye mstari wa meza saladi na wali vitangulie, satay iwe mwisho na mpishi aigawe mwenyewe. Kadi za majina ya vyakula zitaje karanga, kamba na mayai, kwa ajili ya wenye mzio. Ukifungua saa tano, saa nane acha kukaanga wali mpya.

Saa tisa pima mabaki ya trei kivyake na ya sahani za wageni kivyake. Ya trei yakiwa mengi, umepika kupita kiasi. Ya sahani yakiwa mengi, onja chakula hicho tena kabla ya kukirudisha Jumapili ijayo.