Jinsi ya kujifunza Preludi ya C meja ya Bach ukiwa mpigaji wa ridhaa

Kwenye michezo tuna msemo mzuri: ndondi za ridhaa. Bondia wa ridhaa hapandi ulingoni kutafuta mkate, anapanda kwa sababu ameridhia mwenyewe. Mimi ni mpiga piano wa namna hiyo. Sina cheti cha muziki, hakuna anayenilipa, na vidole vyangu vilianza kujifunza vikiwa vimeshakomaa. Kwa hiyo usitegemee mwongozo huu ukupeleke jukwaani. Utakupeleka mahali padogo zaidi: uketi mbele ya kinanda chako jioni, upige kipande kimoja cha muziki wa klasiki, kizima, na ukifurahie wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kipande chenyewe ni Preludi (yaani kipande kifupi cha utangulizi) ya C meja ya mtunzi Johann Sebastian Bach, namba BWV 846 kwenye orodha ya kazi zake, ile inayofungua kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperierte Klavier, mkusanyiko wake wa vipande vya kinanda. Kitabu hicho ni cha mwaka 1722, na kwenye jalada Bach aliandika kwamba amekitunga kwa manufaa ya vijana wenye hamu ya kujifunza, na pia kwa burudani ya wale ambao tayari wana ujuzi. Burudani, kasema mwenyewe. Siku yoyote utakapojihisi unapoteza muda, rudi kwenye jalada hilo.

Unachohitaji ni kujua kusoma nota, hata kama ni kwa kuhesabu mistari kwa kidole, na kinanda. Cha vibao 61 kinatosha kabisa. Nota ya chini kuliko zote humu ni C iliyo oktavu mbili chini ya C ya katikati, na kwenye vinanda vya vibao 61 hiyo kwa kawaida ndiyo kibao cha kwanza kabisa kushoto. Utakigusa mwishoni mwishoni tu, na utaona raha yake.

Hatua ya 1: Hesabu vipimo

Kabla ya kupiga chochote, chukua karatasi yako ya nota uhesabu vipimo, yaani vile vyumba vilivyotengwa na mistari ya wima. Viwe 35. Ukipata 36, umeshika toleo lenye kipimo kilichopachikwa na mtu mwingine baadaye, kati ya cha 22 na cha 23. Hapo sauti ya chini inaruka kutoka F-sharpu kwenda A-flati, na kuna walioona mruko huo ni mkali mno, wakaweka G katikati kama daraja. Kipimo hicho cha ziada kilisambaa sana, na hata mtunzi Mfaransa Charles Gounod alipoweka wimbo wake juu ya preludi hii mwaka 1853, kilikuwemo. Mimi nilijifunza toleo hilo bila kujua, na kukifuta kipimo kimoja kutoka kwenye vidole kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza vingine kumi. Hesabu kwanza.

Angalia pia kama karatasi yako imejaa alama za kupaza na kupunguza sauti, au maneno ya kasi. Hayo si ya Bach. Hakuandika hata moja hapa. Yachukue kama ushauri wa jirani: unasikiliza, unashukuru, unaamua mwenyewe.

Hatua ya 2: Sikiliza ukiwa na karatasi mkononi

Tafuta rekodi mbili za wapigaji tofauti, ikiwezekana moja ya piano na moja ya hapsikodi, kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Fuata nota kwa macho. Usipige. Siku mbili tatu zinatosha.

Hatua ya 3: Piga kodi, usipige nota

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha kila kitu kwangu, na ndiyo watu wengi huiruka. (Kodi, na simaanishi ile ya mapato: nota kadhaa zinazolia kwa pamoja.)

Ukitazama karatasi kwa mara ya kwanza unaona msitu. Kila kipimo kina nota 16, nne kwa kila pigo. Lakini chungulia vizuri. Nusu ya pili ya kipimo ni marudio ya nusu ya kwanza, nota kwa nota. Na ndani ya nusu hiyo kuna nota tano tu: mbili za mkono wa kushoto, tatu za mkono wa kulia, kisha zile tatu za kulia zinarudiwa. Mtindo huo hauvunjiki hadi mwisho wa kipimo cha 32. Kwa hiyo kinachokukabili ni kodi 32 za nota tano tano, basi. Msitu umegeuka kuwa safu ya miti.

Sasa bonyeza nota zote tano za kipimo cha kwanza kwa pamoja: C, E, G, C, E. Shikilia. Sikiliza mpaka sauti ianze kufifia. Kisha kipimo cha pili: C, D, A, D, F. Cha tatu: B, D, G, D, F. Cha nne kinarudi pale pale: C, E, G, C, E.

Fanya hivyo polepole mara kumi kabla hujaendelea, maana vipimo hivi vinne vina siri ya kipande kizima. Tazama kidole cha chini kabisa cha mkono wa kushoto. Katika kipimo cha pili kodi yote imeshahama, lakini C ya chini imegoma kutoka. Juu yake sasa imekaa D, jirani wa kibao cha pili tu, na nota mbili zilizobanana hivyo hukwaruzana. Unasikia kitu kama swali. Katika kipimo cha tatu C inakubali yaishe, inashuka hatua moja hadi B, na mwasho unahamia kwingine. Kipimo cha nne kinatuliza wote. Kukwaruzana na kutulia: Bach anafanya jambo hilo hilo kwa dakika mbili, na bado hujachoka.

Endelea hivyo kwa kodi nne nne kila siku. Nne tu! Siku ya nane utakuwa umezimaliza zote 32. Ukifika kipimo cha 8 (B, C, E, G, C) utakuta B na C zimegandana kwenye mkono wa kushoto, na mara ya kwanza utadhani umekosea. Hujakosea. Shikilia, usikimbie. Mpigaji wa kulipwa ana tamasha Ijumaa, wewe huna. Unaweza kukaa juu ya kodi moja jioni nzima ukitaka. Mimi nimekaa.

Hatua ya 4: Zivunje kodi ziwe mawimbi

Kodi zikishakaa mikononi, zivunje: kushoto, kushoto, kulia, kulia, kulia, kulia, kulia, kulia. Mkono wa kulia kwenye vipimo vingi utaridhika na vidole 1, 2, 4 au 1, 2, 5 (1 ni gumba, 5 ni kidole kidogo). Chagua vidole vyako, viandike kwa penseli, kisha usivibadilishe kila siku kama mtu asiye na msimamo.

Hapa kuna jambo lililoandikwa waziwazi kwenye nota na bado tunalipita: nota mbili za mkono wa kushoto hazipigwi na kuachwa. Ya kwanza inashikiliwa kwa nusu nzima ya kipimo, ya pili nayo inashikiliwa tangu inapoingia hadi nusu hiyo iishe. Vidole vya kushoto vinabaki chini huku mkono wa kulia ukicheza juu. Ukifanya hivyo, sauti inajaa yenyewe bila pedali, kile kikanyagio cha kurefusha sauti.

Kwa sababu hiyo nakushauri uiweke pedali kando kwa wiki za mwanzo. Nilianza na pedali imekanyagwa kuanzia kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, nikajiona msanii, hadi siku niliyojirekodi. Nilichosikia kilikuwa uji. Ukiirudisha baadaye, ibadilishe kila kodi inapobadilika, na iwe nyepesi.

Hatua ya 5: Mahali utakapokwama

Vipimo vya 12 hadi 15 vina vibao vyeusi vinavyokuja ghafla. Usivisome nota moja moja. Visome kwa jozi: cha 12 kinabana na cha 13 kinalegeza, cha 14 kinabana na cha 15 kinalegeza. Ukisikia hivyo, mkono unajua unakokwenda.

Vipimo vya 22 na 23 ni pale penye mruko niliousema. Cha 23 ni kichungu zaidi: A-flati chini, na katika mkono wa kulia B, C, D, majirani watatu waliobanwa kwenye kiti kimoja. Nafasi yenyewe ni finyu na vidole hugongana. Fanya mazoezi ya kipimo cha 22, 23 na 24 peke yao, kama kodi, bila kuvunja, hadi usiogope. Ukifika kipimo cha 24 utahisi umetoka majini.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, vipimo vya 24 hadi 31. Sauti ya chini inakaa kwenye G, vipimo vinane mfululizo, haitikisiki, huku juu yake kodi zikibadilika na kukazana. Kosa la kawaida ni kuchoka na hiyo G na kuipiga kama mtu anayegonga mhuri. Kila mara iguse kana kwamba unaibeba. Mvutano unakua hadi kipimo cha 28, na G inapoachia hatimaye, katika kipimo cha 32, unashuka hadi ile C ya chini kabisa niliyokuahidi. Lakini Bach ameiwekea B-flati juu, kwa hiyo umefika mlangoni na bado hujaingia.

Vipimo vya 33 na 34 vinavunja mtindo. Hapa hakuna marudio; mkono wa kulia unapanda na kushuka kwa njia yake. Nilivijifunza kwanza kabla ya vingine vyote, na nakushauri ufanye vivyo hivyo, kwa sababu ukiviacha mwisho utakuwa unafika hapo ukiwa na wasiwasi kila siku ya maisha yako.

Hatua ya 6: Mwendo

Preludi ina vipimo 35 vya mapigo manne, yaani mapigo 140. Ukiweka metronomu (chombo cha kuhesabu mapigo kwa dakika) kwenye 70, utamaliza kwa dakika mbili kamili. Hiyo ni kasi nzuri ya kulenga, si amri. Anza na 40. Ongeza nne tu pale unapoweza kupiga mara tatu bila kusimama, na ukikwama rudi nyuma bila kujilaumu. Kisha, siku moja, zima metronomu. Chombo hicho kinajua kuhesabu, hakijui kupumua.

Kuhusu sauti kubwa na ndogo, fuata mwasho. Kodi inayokwaruza iegemee kidogo, inayotulia ipunguze. Usitengeneze mawimbi makubwa ya hisia kila baada ya kipimo. Nilishawahi kumpigia rafiki hivyo, akaniuliza kama kuna msiba.

Hatua ya 7: Isiondoke

Kipande kilichojifunzwa na kuachwa hutoroka ndani ya mwezi mmoja. Kipige kila siku, hata mara moja, hata kwa kodi tu. Pablo Casals, mpiga chelo mashuhuri, alisimulia akiwa mzee sana kwamba kwa miaka 80 alikuwa akianza kila siku kwa kuketi kwenye piano na kupiga preludi na fuga mbili za Bach (fuga ni kipande ambamo sauti kadhaa huingia moja baada ya nyingine na wazo lile lile). Piano haikuwa chombo kilichompa jina.

Ili kukariri, usitegemee vidole peke yao. Vidole hupiga bila kufikiri mpaka mlango ugongwe, kisha husahau kila kitu. Jaribu kuzitaja kodi kwa mdomo ukiwa mbali na kinanda, au anza katikati: kipimo cha 12, kipimo cha 20, kipimo cha 24. Ukiweza kuanzia popote, imeingia.

Fuga ya preludi hii iko ukurasa unaofuata. Ni fupi, vipimo 27 tu, lakini ina sauti nne, na zote nne zinazungumza jambo lile lile bila kusubiriana. Mimi nimefika kipimo cha 7, na huu ni mwezi wa tatu.