Kibanda cha ishara za reli: anza na gata, rangi baadaye

Mimi ni seremala wa Mombasa. Huku Ireland, Jumamosi zangu huishia nikikarabati kibanda cha zamani cha ishara za reli, ambamo mtu alivuta nyenzo kuongoza treni: chini matofali, juu mbao na vioo.

Kwanza uliza halmashauri kama kimo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Kikiwamo, hata kubadili dirisha huenda kukahitaji kibali. Piga picha kila kitu.

Kisha zibua gata. Mvua ya huku ni manyunyu tu, ila haikatiki, na mbao huoza chini ya dirisha. Dunga kwa bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, kata hapo tu, unga mbao mpya. Matofali yajazie chokaa, si saruji. Saruji hufungia unyevu. Mimi nilitia saruji, nikashinda majira mawili ya baridi nikiichokoa.

Rangi kuukuu huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, usiipige msasa mkavu. Na nyenzo, zile fimbo za chuma za kuvuta, msizipake rangi moja, jamani! Nyekundu ni za kusimamisha treni, njano za tahadhari, nyeusi za kubadili njia, buluu za kufuli ya kuzuia njia isihame, nyeupe hazina kazi. Vishikio ni chuma kitupu: vishike kwa kitambaa, jasho huvitia kutu.