Jinsi ya Kuandika Tamko la Tatizo na Lengo la Utafiti Bila Kurudishiwa Pendekezo

Pendekezo la utafiti likirudishwa, mara nyingi si kwa sababu ya Kiswahili kibovu wala marejeleo yaliyopangwa ovyo. Hurudishwa kwa sababu msomaji ameimaliza sura ya kwanza na bado anauliza: "Sasa huyu anatafuta nini?" Kazi yangu ni kusoma na kuhariri rasimu za wanafunzi wa uzamili hapa Unguja, na swali hilo ndilo ninaloliandika pembeni mwa karatasi kuliko jengine lolote. Sehemu mbili ndizo zinazopaswa kulijibu: tamko la tatizo na lengo la utafiti. Zikikaa sawa, sura ya pili na ya tatu huandikika. Zikiyumba, utakwenda Pemba na hojaji yako, urudi na data nyingi usiyojua uifanyie nini.

Uwe unasoma SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au vyuo vikuu vyengine vya Tunguu na Chukwani, mpangilio wa vichwa fuata ule wa chuo chako na usibishane nao. Ninayoeleza hapa ni yanayoingia ndani ya vichwa hivyo. Nitatumia mfano mmoja wa kutunga, wa kilimo cha mwani, kwa sababu karibu kila mtu wa visiwani ana shangazi au jirani aliyewahi kukilima.

Hatua ya 1: Tenganisha mada, tatizo la jamii na tatizo la utafiti

"Wanawake na kilimo cha mwani Zanzibar" ni mada. Ni pana, na ndani yake hamna swali. "Wakulima wa mwani wanapata kipato kidogo" ni tatizo la jamii. Ni la kweli na linauma, lakini tasnifu yako haitapandisha bei ya kilo hata kwa shilingi moja. Tatizo la utafiti ni jambo tusilolijua, na kwa kutolijua tunashindwa kueleza kwa nini hali iko hivyo au kuamua tufanye nini.

Namna ya kulijaribu: jiulize tatizo lako litaondoka kwa nini. Likiwa litaondoka kwa fedha, boti au barabara, hilo ni la serikali na wafadhili. Likiwa litaondoka kwa kupata jibu, hilo ni lako.

Hatua ya 2: Chora safu mbili

Weka kompyuta kando, chukua karatasi. Kushoto andika "Tunajua", kulia andika "Lakini".

Kwa mfano wetu, upande wa kushoto utajaa upesi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Wakulima walio wengi ni wanawake. Zinazolimwa zaidi ni aina mbili, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Kotonii haistahimili joto. Maji mafupi ya pwani yakipata joto kupita kiasi, mwani huo hushikwa na maradhi na kufa. Wataalamu wakapendekeza ulimwe kwenye kina kirefu zaidi, ambako maji hayapandi joto kiasi hicho.

Kulia andika: lakini wakulima wengi wameendelea na spinosamu kwenye maji mafupi, pamoja na bei yake ndogo.

Hapo tatizo limeshaanza kuchungulia. Kuna zao la bei nzuri, kuna njia iliyopendekezwa ya kuliokoa, na bado watu hawaendi huko. Huenda ni boti. Huenda ni kuogelea. Huenda ni muda, kwa kuwa maji mafupi humruhusu mtu kufanya kazi wakati wa bamvua na kuwahi nyumbani kupika. Usijibu bado. Ukishaandika jibu kwenye tamko, utafiti wa nini tena?

Kila mstari wa kushoto uwe na chanzo ulichokisoma mwenyewe. Takwimu zitafute Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Mambo ya kale, Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Habari za bahari, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa hapa Zanzibar. Na takwimu uiweke pale inapofanya kazi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Ni takwimu sahihi, lakini kwenye tamko la mwani haithibitishi chochote. Mahali pake ni usuli au maelezo ya eneo la utafiti.

Hatua ya 3: Andika tamko lenyewe

Hapa ndipo pa kutulia. Tazama rasimu ya namna hii, ambayo kwa sura yake kila msimamizi ameshakutana nayo:

"Kilimo cha mwani ni muhimu sana kwa uchumi wa Zanzibar. Wanawake wengi hujishughulisha na kilimo hicho. Hata hivyo, wanakabiliwa na changamoto nyingi. Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu suala hili katika Wilaya ya Micheweni. Hivyo, mtafiti ameona kuna haja ya kufanya utafiti huu ili kuziba pengo hilo."

Haina kosa la sarufi hata moja, na haisemi kitu. "Muhimu sana" kwa kipimo gani? "Changamoto nyingi" ni zipi? Sentensi ya nne ndiyo mbaya kuliko zote. Kutofanyika kwa utafiti si sababu ya kuufanya. Hakuna pia aliyetafiti rangi za milango ya maduka ya Chake Chake, na hakuna anayeumia kwa hilo. Zaidi ya hayo, ni sentensi ya hatari: unaweza kuitamka mbele ya jopo ambalo mmoja wao ndiye aliyeufanya utafiti huo.

Tamko linalosimama hupita vituo vinne: jambo linalojulikana au linalotarajiwa, hali halisi inayopingana nalo, kile ambacho kazi tangulizi hazijakieleza, na hasara ya kubaki bila kukijua. Mpangilio unaweza kubadilika, lakini kituo kisirukwe. Rasimu ile ile ikipitishwa humo huwa hivi:

"Kulima kotonii kwenye kina kirefu kumependekezwa kuwa njia ya kuepuka joto la maji linaloua mwani huo katika maji mafupi [chanzo]. Kwa kuwa kotonii ina bei kubwa kuliko spinosamu, ingetarajiwa wakulima waikimbilie njia hiyo. Hata hivyo, katika vijiji vya pwani vya Wilaya ya Micheweni wanawake wengi bado wanalima spinosamu kwenye maji mafupi [chanzo]. Tafiti zilizotangulia zimejikita katika joto la maji, maradhi na ukuaji wa mwani [vyanzo]. Zimegusa kidogo namna mkulima mwenyewe anavyopima faida, hatari na muda wake anapoamua alime nini na wapi. Bila kuyajua hayo, miradi ya kilimo cha kina kirefu itaendelea kupelekwa kwa watu wasioweza au wasiotaka kuitumia."

Sentensi sita tu. Penye mabano weka kazi ulizosoma kweli, na kama ulichokisoma kinasema vyengine, badilisha sentensi, usikipinde chanzo. Angalia pia kwamba pengo halisemi "hakuna". Linasema wenzako wameshughulikia nini na wameishia wapi. Huo ndio uthibitisho kwamba umesoma, na ni heshima pia kwa waliokutangulia.

Kwa wanaoandika tasnifu za lugha nina neno la ziada, maana huko kuna mtego wake: tamko linalotoa hukumu kabla ya kesi. Chukua mfano wa Kitumbatu, lahaja ya kisiwa cha Tumbatu: "Kitumbatu kinakufa kwa sababu vijana wanaona aibu kukizungumza." Umejuaje? Hilo ni tokeo, na bado hujaenda Mkokotoni kuwasikiliza wasemaji wake. Tunachokijua ni kwamba Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na kwamba Kiswahili anachofundishwa na kutahiniwa mtoto skulini ni hicho sanifu, si lahaja ya nyumbani. Anza hapo, kisha eleza jambo uliloliona au ulilolisoma kuhusu matumizi ya Kitumbatu, lisiloendana na maelezo yaliyopo. Aibu ya vijana iache iwe swali kwenye dodoso lako, na uwe tayari kusikia kwamba haipo.

Hatua ya 4: Toa lengo kuu ndani ya tamko

Lengo kuu ni sentensi moja. Halizui jambo jipya; hutamka tu utakachokifanya kuhusu pengo ulilokwisha kulionesha. Liwe na kitenzi, jambo, watu na mahali:

"Lengo kuu la utafiti huu ni kuchunguza namna wanawake wakulima wa mwani katika Wilaya ya Micheweni wanavyoamua aina ya mwani wa kulima na kina cha maji cha kulimia."

Kitenzi ndicho kinachokufunga. Ukiandika "kupima athari", umeahidi namba na kitu cha kulinganishia, na mtahini atakudai. Ukiandika "kufafanua uzoefu", umeahidi mahojiano ya kina na watu wachache. "Kuchunguza", "kubainisha", "kulinganisha", "kutathmini" vyote vinafaa, ilimradi ujue unachokiahidi. Vya kuviepuka ni "kuhamasisha", "kuelimisha" na "kuboresha", kwa kuwa hizo ni kazi za mradi. "Kujua" na "kuelewa" navyo viache, maana hakuna njia ya kumuonesha mtu kwamba umeelewa.

Malengo mahususi matatu yanatosha. Wanaoandika sita huishia kujibu mawili. Kwa mfano wetu:

Kubainisha mambo ambayo wakulima huyazingatia wanapochagua kati ya spinosamu na kotonii.

Kueleza vikwazo vinavyowazuia kulima kwenye kina kirefu.

Kulinganisha maamuzi ya wakulima waliowahi kujaribu kina kirefu na ya wale ambao hawajajaribu.

"Kukusanya data kutoka kwa wakulima" si lengo mahususi, hiyo ni mbinu. "Kutoa mapendekezo kwa wizara" nalo si lengo. Mapendekezo yana sura yake mwishoni. Mbele ya kila lengo andika swali lake, kisha andika ni nani au ni waraka gani utakaolijibu. Lengo la tatu, kwa mfano, linahitaji wakulima waliowahi kujaribu kina kirefu. Kama katika vijiji ulivyochagua hawapo, au yupo mmoja tu, lengo hilo lifute sasa hivi.

Hatua ya 5: Kagua maneno

Hii ni fupi. Weka kichwa cha tasnifu, tamko na malengo kwenye ukurasa mmoja, uyasome kwa sauti. Kama kwenye kichwa ni "wanawake wakulima", kwenye tamko "wajasiriamali" na kwenye lengo "wanajamii", una tafiti tatu. Chagua jina moja udumu nalo. Eneo nalo lisipanuke: ukianza na Micheweni usimalizie na Pemba nzima.

Hatua ya 6: Peleka ukurasa mmoja, si sura nzima

Mpelekee msimamizi ukurasa huo peke yake kabla hujaandika sura ya kwanza yote. Msimamizi aliyeletewa kurasa arubaini atasahihisha koma. Aliyeletewa ukurasa mmoja hana pa kukimbilia ila kujadili tatizo.

Kisha liandike lengo lako kwa maneno ya kawaida, sentensi mbili, kwa ajili ya sheha, yaani kiongozi wa shehia utakayokwenda. Utakapofika kwenye shehia na barua yako ya kibali, jambo la kwanza atakalokuuliza baada ya salamu ni umekuja kutafuta nini. "Shikamoo sheha. Nimetumwa na chuo. Nataka kujua kina mama wa hapa wanaamuaje walime mwani gani, na kwa nini wengine hawaendi kwenye maji marefu." Ukiweza kusema hivyo bila kutazama karatasi, lengo limeiva.

Ukirudi kutoka uwandani, kurasa hizi zifungue tena. Kwenye pendekezo uliandika "utafiti huu unalenga". Kwenye tasnifu iwe "utafiti huu ulilenga". Kama vijiji vilipungua, au lengo moja lilishindikana, lirekebishe pote lilipotajwa: kichwa, ikisiri, sura ya kwanza, vichwa vya sura ya matokeo, na hitimisho.