Sauti ileile, tabia nyingine

Nilipojiunga na kwaya, mwalimu alinisikiliza mara moja tu, akanisimamisha safu ya nyuma na kuniomba niimbe chinichini. Hakukosea. Sikio langu lilikuwa zito: wimbo ukipanda, mimi nabaki bondeni. Leo ndiye ninayewafundisha wageni wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, na koo ni lilelile. Nilichofanyia kazi ni tabia.

Anza na aibu, maana hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Nilikuwa najirekodi kwa simu kila baada ya mazoezi. Mara ya kwanza nilizima kabla ubeti haujaisha. Usizime. Sikiliza hadi mwisho, andika kosa moja (moja, si orodha), kisha rudia kipande hicho tu. Langu lilikuwa kuishiwa pumzi kabla ya mwisho wa mstari. Baada ya wiki tatu hivi, aibu ilianza kuchoka kabla yangu.

Acha kuwauliza watu, "Nimeimbaje?" Mwenye huruma atakusifu, mwenye kisirani atakuponda, nawe utaondoka mikono mitupu. Uliza, "Jumamosi nirekebishe nini?" Mwenzangu wa sauti ya tatu alinijibu: "Fungua mdomo, unamumunya maneno." Nilinuna siku mbili, kisha nikafungua mdomo.

Uvumilivu sikuwa nao, basi sikuutegemea. Niliyafunga mazoezi kwenye jambo nisiloliacha: nikimaliza kupiga mswaki, naimba do-re-mi dakika kumi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameitafiti sana mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile". Na usidanganywe na hadithi kwamba zoea hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria kwamba zoea jipya hukomaa kwa takriban siku 66. Kuna waliohitaji 18, na wengine hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mimi niliruka zaidi ya moja, hasa asubuhi za baridi.

Kuhusu kuwahi sina maelezo: wahi.

Sisemi kipaji ni bure. Tunaye kijana anayeshika wimbo akiusikia mara moja. Mimi mpaka leo nahitaji mara kumi, kwa hiyo nafika mazoezini nikiwa nimeshauimba mara tisa.