Kufunga nguzo za kibanda juu ya zege la zamani
Wateja wangu hapa Moshi hawataki sakafu ivunjwe. Sawa, ila kwanza igonge kwa nyundo: ikilia utupu, hiyo ni plasta iliyoachia, usifunge kitu hapo. Zege liwe na unene wa sentimita 10 au zaidi, na matundu yakae mbali na ukingo, lisije likapasuka.

Weka pleti (bamba la chuma linaloshika kitako cha nguzo), chora alama za matundu, toboa. Halafu vumbi! Mafundi wengi hulidharau, kumbe ndilo linalofanya bolti ya kutanuka (ile inayojitanua ndani ya tundu unapoikaza) izunguke bila kushika. Mimi napuliza kwa pampu ya baiskeli, nasugua kwa brashi, napuliza tena. Gongea bolti, pima nguzo kwa timazi, kaza. Nguzo ya mbao iinue kitako sentimita 2 juu ya zege. Masika ya huku yanaozesha.