Spikingi ya IELTS: jinsi tulivyofanya mazoezi nyumbani

Jamani mnaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, nimekaa na mdogo wangu wiki sita tunafanya spikingi tu, yaani sehemu ya kuongea, jioni kibarazani, na kilichomsaidia ni kuongea kwa sauti kila siku huku simu inarekodi. Kusoma kimyakimya hakufundishi mdomo.

Spikingi yenyewe ni dakika 11 mpaka 14, wewe na mtahini, na mnarekodiwa. Sehemu ya kwanza anakuuliza ya kawaida tu, kwenu wapi, unafanya kazi gani, unapenda nini, jibu sentensi mbili tatu na sababu yake, basi.

Sehemu ya pili ndo inaumiza watu. Unapewa kadi yenye mada, mfano elezea mtu aliyewahi kukusaidia, unapewa dakika 1 ya kujipanga na karatasi na penseli, alafu unaongea peke yako dakika 1 mpaka 2. Mdogo wangu siku ya kwanza alienda sekunde 40 akakwama, kumbe ile dakika ya kujipanga alikua anaandika sentensi nzima nzima mpaka muda ukaisha. Tukabadilisha, akawa anaandika vitu vitano tu: nani, wapi, lini, tukio moja, nilijisikiaje. Lile tukio ndo linakubeba, maana akianza kusimulia siku bibi alivyouza mayai ya kuku wake ili yeye apate nauli ya shule, kikapu kilikuaje, bibi alisema nini, dakika mbili zinaisha hata hajamaliza. Kwa iyo weka taima, ongea, sikiliza, alafu rudia kadi ileile, sio kurukia mpya.

Ukisikiliza rekodi utakamata makosa yetu Waswahili. Kubwa ni "he" na "she", kwetu "anapika" ni yeyote tu, sasa unaanza na mama, sentensi ya pili mama kashakua "he". Dawa yake kila siku simulia asubuhi ya mama na baba kwa kupokezana, huyu kafanya hivi, yule vile, mpaka mdomo uzoee. Nyingine tunapachika irabu mwisho wa neno, "book" inakua buku. Na ile "th" watu wanaigeuza s au z wakati tunayo kabisa, iko kwenye thelathini na kwenye dhahabu, itumie hiyohiyo. Lafudhi isikutishe, hawakukati maksi kwa kusikika Mtanzania au Mkenya, wanaangalia unaeleweka au hueleweki.

Sehemu ya tatu inapanua mada ya kadi, mfano kwa nini majirani wa mjini hawasaidiani kama wa kijijini. Hapo toa msimamo, sababu na mfano. Swali usipolielewa omba afafanue, ruksa kabisa, kuliko kujibu kitu ambacho hujaulizwa.

Maksi zinatoka kwenye vitu vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Ndo maana nasisitiza msikariri majibu, jibu la kukariri linasikika tu, sauti inakua kama mtu anasoma risala mbele ya mgeni rasmi, na swali likigeuka kidogo unabaki huna kitu.

Siku yenyewe beba kitambulisho kilekile ulichojisajilia. Na mtahini akikukatiza kwenye sehemu ya pili usivunjike moyo, dakika zako 2 zimeisha, anatakiwa amkatize kila mtu.